HOTELI YA KIFAHARI MJINI KIGALI: NYOTA SI KIPIMO PEKEE

Wahenga walinena kwamba fahari ya macho haifilisi duka. Kulitazama jengo refu la vioo hakumgharimu mtu hata senti moja. Gharama huanza pale atiapo sahihi yake mapokezini. Kwa hiyo familia inayokusudia kulala katika hoteli ya kifahari mjini Kigali yapasa kufanya hesabu zake nyumbani, kabla ya mabegi kufungwa.

Ichukuliwe mfano wa sajini mstaafu na mkewe. Kijana wao anaposa, na nyumba ya wakwe iko Kagarama, katika Wilaya ya Kicukiro, upande wa kusini wa jiji. Shughuli ya posa, ambayo Wanyarwanda huiita gusaba, imepangwa siku ya Jumamosi. Sajini ameweka akiba mwaka mzima, naye ataka wazee watakaofuatana naye walale katika hoteli kubwa ya katikati ya jiji, wakwe wasije wakawadharau. Mkewe amwuliza kwa upole: "Baba watoto, wakwe watatupima kwa mahali tulipolala, au kwa saa tuliyofika?"

Swali hilo ndilo ufunguo wa jambo zima. Hoteli huchaguliwa kwa kufuata shughuli iliyomleta mgeni. Anayekuja kwa mkutano, anayekuja kwa posa na anayekuja kumwuguza jamaa katika Hospitali ya Jeshi iliyoko Kanombe hawahitaji malazi ya namna moja, hata kama fedha zao ni sawa.

Kigali ni jiji la vilima na mabonde. Sehemu mbili zinazotazamana ng'ambo ya bonde huonekana kuwa karibu, kumbe barabara huteremka, ikazunguka, kisha ikapanda tena. Hoteli nyingi zenye jina kubwa ziko mbali na Kagarama. Serena, Marriott na Mille Collines ziko katikati ya jiji, Wilayani Nyarugenge. Radisson Blu iko Kimihurura, ubavuni mwa jumba kubwa la mikutano lililofunguliwa mwaka 2016. Atokaye katikati ya jiji kwenda Kagarama aghalabu hupitia makutano ya Sonatube, ambapo barabara ya Kicukiro huchepuka kuelekea kusini, na saa za watu kwenda kazini na kurudi magari huwa mengi.

Liko na jambo la Jumamosi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, yaani kazi za pamoja za kujenga taifa. Tangu saa 2 hadi saa 5 asubuhi maduka hufungwa na magari karibu yote husimama. Mgeni asiyejua hilo aweza kujikuta amevaa vizuri, amekaa ukumbini mwa hoteli ya nyota tano, na gari la kumpeleka kwa wakwe halipo. Tena saa ya Kigali iko nyuma kwa saa moja ikilinganishwa na Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Asiyerekebisha saa yake atavuruga miadi yote.

Je, nyota zina maana gani? Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kuzipanga hoteli kuanzia nyota moja hadi tano, na nchini Rwanda kazi hiyo imesimamiwa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Nyota hupima vyumba, vifaa na huduma. Hazimwambii mgeni kama dirisha lake litaelekea ukumbi wa muziki, wala kama bibi mwenye maumivu ya magoti atapanda ngazi arobaini. Hoteli ndogo ya kifahari, yenye vyumba vichache na bustani, yaweza kumfaa zaidi mtu apendaye utulivu. Lakini nyingi za namna hiyo hazina lifti, na nyingine zimejengwa kwenye mteremko.

Historia ya jiji lenyewe yatoa funzo. Hôtel des Mille Collines ilijengwa na Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, ikafunguliwa mwaka 1973. Bwawa lake la kuogelea lilikuwa alama ya anasa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya 1,200 walijihifadhi humo. Mabomba yalipokauka, maji ya bwawa lile ndiyo waliyoyanywa. Kilichokuwa pambo kikawa uhai. Leo Kigali ni jiji lenye amani, lakini funzo limebaki: thamani ya nyumba ya wageni huonekana siku ya shida, si siku ya picha.

Askari aliyezoea ukaguzi wa bweni anayo macho ya kazi hii. Afikapo hotelini na aombe kuonyeshwa chumba kabla ya kulipa. Afungue bomba la maji ya moto na kungoja yafike. Ajaribu kitasa cha mlango. Atazame mlango wa dharura ulipo, mtungi wa kuzimia moto, na ngazi za kutokea pasipo kutegemea lifti. Kiyoyozi kisimtie wasiwasi mno, maana Kigali iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una ubaridi; blanketi safi lina faida kubwa zaidi. Naye atokaye Tanzania au Kenya achukue kiunganishi cha umeme, kwa kuwa plagi za Rwanda ni za pini za duara.

Mama wa nyumbani naye ana maswali yake, na ndiyo yanayookoa akiba. Je, bei ni ya chumba au ya kila mtu? Ni ya faranga au ya dola? Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, imekwisha kuhesabiwa? Kifungua kinywa kimo? Mtoto alalaye na wazazi hulipiwa? Shughuli ikiahirishwa, amana hurudishwa? Majibu yaandikwe, kwa maana neno la simu halina ushahidi. Tena aulize kama kuna mkutano mkubwa juma hilo. Mwezi Juni 2022, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walipokutana Kigali, wageni walikuwa maelfu, na nyakati kama hizo vyumba huwa adimu. Haya yote yaweza kuulizwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Bunge la Rwanda liliipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, ijapokuwa si kila mhudumu anayeizungumza.

Basi sajini na mkewe wafanye nini? Jibu la busara ni wazee walale katika nyumba safi na tulivu huko huko Kicukiro usiku wa kuamkia posa, ili wafike kwa wakwe mapema, wamepumzika na nguo zao zimenyooka. Shughuli ikiisha salama na akiba ikibaki, Jumapili wote wapande hadi mjini wakanywe chai katika hoteli kubwa, waone vilima vya Kigali kwa raha zao. Kwa gharama ya chai watakuwa wameionja fahari, na fedha ya chumba itabaki mfukoni kumsaidia kijana kuanza nyumba yake.