Bushuti la Ndama

Katika Uingereza, mwezi wa Novemba ukiingia, wenye farasi huanza upya mjadala ambao haujapata kwisha: farasi avikwe blanketi gani, zito kiasi gani, na usiku upi avuliwe, na wenye maduka, ambao mjadala huo ndio riziki yao, huwatandazia mablanketi yaliyopangwa kwa uzito wa sufi ya bandia iliyotiwa ndani, gramu 100, 200 au 300 kwa kila mita ya mraba, hata asiye na ujuzi akadhani kwamba kadiri gramu zinavyozidi ndivyo na raha ya farasi inavyozidi. Sisi wa Bukoba na Muleba farasi hatuna. Mbung'o wa mapori ya Biharamulo na Karagwe, pamoja na nagana wanayoichukua kutoka kwa wanyama wa mwitu, hawakumpa mnyama huyo nafasi ya kuzoea nchi za upande wetu, na wengi wetu tumemwona katika picha tu. Lakini swali la wenye farasi tunalo, maana tunaye ndama wa ng'ombe wa maziwa, chotara wa Friesian aliyezaliwa usiku wa Aprili katika banda la nyuma ya nyumba, chini ya migomba, naye anatetemeka, na mwenye ng'ombe amesimama mlangoni na blanketi kuukuu mkononi, hajui amvike au amwache.

Blanketi hilo lina kazi yake, ila kazi hiyo huja nyuma ya nyasi kavu na nyuma ya maziwa; na ajuaye sababu ya kupangwa hivyo hatapata taabu kubwa katika kulichagua.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba blanketi halina joto. Lifunike juu ya jiwe usiku kucha, nalo jiwe asubuhi utalikuta baridi vile vile. Joto hufanywa na mwili wenyewe kwa chakula ulichokula, na kazi ya nguo ni kuizuia hewa iliyokwisha kupashwa na mwili isichukuliwe na upepo, yaani kazi ile ile ambayo manyoya ya mnyama huifanya yanaposimama na kuishika hewa kati yake. Ndiyo maana farasi mzima wa nchi za baridi, akiwa mkavu, na manyoya yake hayajakatwa, na majani makavu anayo tele mbele yake, huvumilia ubaridi ulio chini ya kiwango cha maji kuganda bila ya kuvikwa kitu. Majani yale huchacha katika utumbo wake mkubwa, na huko kuchacha humpa harara kutoka ndani kama jiko lisilozimwa. Wajuzi wa huko, usiku wa baridi kali, humwongezea farasi majani kabla ya kumwongezea nguo, na blanketi zito humtafutia zaidi yule ambaye wenyewe wamemnyoa manyoya ili asitoke jasho jingi kazini.

Ndama jiko hilo hana. Tumbo lake la kuchachushia majani halijaanza kazi katika majuma ya kwanza, basi hutegemea maziwa peke yake. Na mwili wake, kwa kuwa ni mdogo, una ngozi nyingi ukilinganishwa na uzito wake, kwa hiyo hupoa upesi, kama kikombe cha chai kinavyopoa mbele ya birika. Ndama aliye chini ya majuma matatu huanza kutumia chakula chake kwa ajili ya kujipasha joto pindi hewa ishukapo chini ya nyuzi 15 hivi, hata akiwa mkavu. Akilowa, au akipigwa na upepo, huanza mapema zaidi. Sasa tazama hali ya hewa yetu. Bukoba mjini, ukingoni mwa ziwa, usiku wa kawaida hushuka karibu na nyuzi 16, na katika nyanda za Kamachumu, huku juu Muleba, hushuka kupita hapo. Mtu wa Ulaya akisikia kwamba hiyo ndiyo baridi yetu atacheka, na haki anayo, lakini ndama wa siku tatu hajapata kusoma jiografia ya Ulaya.

Tena hesabu hiyo ni ya ndama mkavu, na ukavu ndio jambo adimu kwetu. Mji wa Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nao ni miongoni mwa mahali panapopata mvua nyingi sana Tanzania, na mwezi wa Aprili aghalabu ndio unaoongoza. Zaidi ya hayo, mvua ya ukingo huu wa magharibi wa ziwa ina tabia ya kuja usiku wa manane na alfajiri, wakati mawingu yaliyojikusanya juu ya maji yanapoijia nchi kavu. Yaani ndama hunyeshewa saa ile ile ambayo baridi imefika ukomo wake na mwenye ng'ombe amelala fofofo. Na maji yaliyo juu ya ngozi si jambo la kudharauliwa: robo lita tu, kiasi cha bilauri moja, likikauka juu ya mwili wa ndama huchukua harara ambayo ingetosha kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji yaliyotoka kwenye barafu. Harara hiyo yote ilikuwa maziwa. Ndama aliyelowa usiku kucha amekunywa kwa ajili ya mvua, si kwa ajili ya kukua.

Wazee wetu hawakuwa na kipimajoto, ila jambo hili walilijua. Katika mushonge, ile nyumba ya Wahaya iliyoezekwa kwa nyasi toka kileleni hadi chini, na ambayo mfano wake umejengwa Dar es Salaam katika Kijiji cha Makumbusho, ng'ombe walikuwa na sehemu yao ndani pamoja na watu, sakafu ilitandikwa nyasi kwa unene, nao moto wa jikoni ulikuwa humo humo. Asubuhi nyasi zilizolowa na samadi zilitolewa kwenda kuilisha migomba ya kibanja. Watu na lubugo lao, ile nguo ya magome, ng'ombe na nyasi zao, wote chini ya paa moja lisilovuja. Simwambii mtu arudi kulala na ng'ombe, na moshi ule haukuwa rafiki wa kifua cha yeyote, mtu au ndama; ila tulipotoka katika mushonge tukajenga nyumba za bati, nyumba tulijijengea nafsi zetu, na ndama tukamwachia kibanda cha nguzo nne chenye sakafu ya matope. Hapo ndipo lilipozaliwa swali la blanketi.

Kwa hiyo anza na sakafu. Nyasi za rweya, yaani za mbuga za wazi, zilizokatwa kavu ndizo bora, kwa kuwa mashina yake ni magumu, hayashikamani upesi, na huacha hewa kati yake. Majani makavu ya migomba hufaa pia, ila hulowa na kulala mapema, yataka kuongezwa kila siku. Maranda ya seremala hunywa mkojo vizuri, nami huyaweka chini na nyasi juu. Maganda ya kahawa ya kiwandani, ambayo wengi huyachukua kwa kuwa ni ya bure, siyapendi, maana vumbi lake humwingia ndama puani. Kipimo cha unene ni chepesi: ndama akilala, miguu yake na izame katika nyasi isionekane. Na kipimo cha ukavu ni chepesi kuliko hicho: piga magoti mahali alalapo ndama, ukae hapo kwa muda wa kuhesabu ishirini, kisha simama utazame suruali yako. Magoti yakiwa yamelowa, blanketi lolote utakalonunua utakuwa umelinunulia matope. Ukuta wa upande unaotoka upepo wa ziwa uzibwe kufikia kimo cha ndama, na juu ya kimo hicho uachwe wazi, ili hewa chafu ya mkojo, ile inayochoma macho ya mtu aingiapo asubuhi, ipate njia ya kutoka. Banda lililozibwa kila mahali kwa huruma limewaua kwa kichomi ndama wengi kuliko baridi yenyewe.

Juu ya maziwa nitasema machache, kwa kuwa bwana mifugo husema hayo kila siku. Dang'a apewe ndani ya saa sita za kwanza, kiasi cha fungu moja la kumi la uzito wake, yaani lita tatu kwa ndama wa kilo 30. Na wakati wa mvua kubwa aongezewe maziwa, asipunguziwe. Najua maziwa hayo ya nyongeza yana mteja wake sokoni anayengoja, lakini ndama wa baridi asiyeongezewa maziwa ni jiko lililofunikwa vizuri na kuni hakuna.

Sasa nguo. Wazungu wenye ng'ombe wana vizibao vya ndama vya dukani. Kwetu ya nini kuvitafuta, ilhali katika soko la mitumba yapo makoti yaliyotiwa sufi ya bandia, masweta ya sufu ya watu wanene, na mablanketi ya nusu bei? Sufu ndiyo sultani wa nguo zote kwa kazi hii, maana hata ikipata unyevu huendelea kushika hewa. Pamba hunywa maji ikalala juu ya ngozi kama kitambaa cha mgonjwa wa homa, nayo iepukwe. Sweta la sufu la mtu mzima humwenea ndama wa juma la kwanza bila ya kushonwa: miguu ya mbele ipite katika mikono iliyokatwa, na mgongo wa sweta uwe juu ya mgongo wake. Akipita juma hilo, pima kutoka shingo inapoungana na mabega hadi shina la mkia, ukate blanketi liwe bushuti la urefu huo, wala lisining'inie nyuma ya mkia, hasa kwa ndama jike, ambaye hukojoa nyuma na kulilowesha pindo. Na kwa ndama dume, ukanda wa tumboni uwekwe mbele, mbali na njia ya mkojo. Kanda ziwe pana, za kitambaa, na kati ya ukanda na mwili upite mkono wako uliolala. Ukanda uliolegea kuliko hapo ndama ataingiza mguu wake, na kamba nyembamba itamchuna.

Juu ya bushuti waweza kushonea gunia la kahawa, lile la nyuzi za mimea, ambalo hupumua na hukinga bushuti na uchafu. Gunia lililowahi kubeba dawa ya shambani au mbolea ya viwandani halifai, hata lioshwe mara saba. Na nailoni je? Hapa lazima nikiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita, kabla sijaelewa niliyoyaandika hapo juu, nilimfunga ndama wangu karatasi ya nailoni ili mvua isimpate, nikalala kwa amani. Alfajiri nilimkuta hakuguswa na tone la mvua, naye amelowa chepechepe kwa jasho lake mwenyewe lililokosa pa kutokea, na kikohozi alichokipata siku ile kilimchukua majuma mawili. Mvua huzuiwa na paa. Ambaye fedha yake haitoshi vyote viwili, na anunue bati.

Asubuhi na jioni mtie mkono ndama chini ya nguo, nyuma ya bega. Ukihisi unyevu, mvue, hata kama wewe mwenyewe unasikia baridi. Masikio hayatoi habari ya kuaminika. Kidole kinywani mwake husema kweli zaidi, na kipimajoto husema kweli yote: nyuzi 38.5 hadi 39.5 ni hali njema, na chini ya 38 mkaushe, msugue kwa gunia, mpe maziwa ya vuguvugu, kisha umvike. Jua la saa nne likitoka avuliwe, nguo ianikwe, kwa kuwa jua letu hata katika Aprili lina nguvu. Akifikisha mwezi mmoja, manyoya yake na tumbo lake vimekwisha kuanza kazi, basi nguo iondolewe mchana kwa siku chache, kisha na usiku, ichemshwe kabla ya kurithiwa na ndama mwingine, kwani chawa na choa hurithiwa pamoja nayo. Mama yake asivikwe kamwe. Ng'ombe wa maziwa aliyeshiba hufanya joto jingi kwa tumbo lake, na katika nchi yetu taabu yake kubwa ni hari ya mchana.

Mwenye ng'ombe atakayezaa Machi au Aprili na akate nyasi zake za rweya katika Februari, zingali kavu, azihifadhi juu ya dari ya banda mahali pasipovuja, mzigo mmoja zaidi ya anaodhani utamtosha. Bushuti atalipata sokoni siku yoyote.