Ususi wa Nchi ya Buha na Maneno Yake

Munanila imo katika nchi ya Buha, mpakani mwa Burundi. Wenyeji hunena Kiha, ndugu wa karibu wa Kirundi. Upande wa kaskazini, WomenCraft, biashara ya Ngara, imeupatia ususi soko la ng'ambo, na ilishirikiana na wakimbizi wa Kirundi wa kambi ya Mtendeli, iliyofungwa mwaka 2021.

Sokoni kazi hii huitwa "kusuka", na neno hilo huficha jambo. Msusi wa pwani husuka ukili wa miyaa, kisha huushona kuwa mkeka au kikapu. Kikapu cha bara hii hakina ukili: fungu la nyasi huviringwa duara juu ya duara, na kila duara hushonewa lile la chini kwa sindano. Kirundi nacho hutenga *igiseke* na *agaseke*, kilicho kidogo; shina ni -seke, na viambishi iki- na aka- hulainika mbele ya s. Katika hati ya mauzo vyote ni "kikapu".

Hivyo soko laweza kuiokoa kazi na kuyapoteza maneno yake. Yafaa mtunga kamusi aketi na msusi angali kazini, kwani mnunuzi haulizi jina la mshono.