Watoto Wanaofika Kliniki na Kurudi Bila Chanjo

Mtoto asipokamilisha chanjo, lawama aghalabu humwangukia mama: amepuuza, au amesadiki uvumi. Wapo wazazi wa namna hiyo, lakini si wote. Baadhi ya watoto hufikishwa kituoni, hupimwa uzito, kisha hurejeshwa nyumbani bila chanjo waliyostahili kupata siku hiyo.

Sababu mojawapo imo ndani ya kichupa. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga, na kichupa kimoja mara nyingi huwa na dozi 10. Kikishachanganywa na maji yake maalumu, sharti kitumike ndani ya saa 6, kinachosalia hutupwa. Mhudumu aliyepata watoto wawili tu huona uchungu kupoteza dozi 8, hivyo humwambia mama arudi siku watoto watakapokuwa wengi. Kwa mama aliyetembea mwendo mrefu au kuacha kibarua, huenda siku hiyo isifike. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja.

Sababu nyingine ni hofu isiyo na msingi. Mtoto mwenye mafua, kikohozi chepesi au homa ndogo huahirishiwa chanjo, ilhali maradhi hayo madogo si kizuizi. Anayestahili kuahirishiwa ni mtoto aliye mahututi au mwenye ugonjwa mkali.

Kuna pia pengo la umri. Nchini Tanzania, ratiba huanza mtoto anapozaliwa, ikaendelea katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika mwezi wa 9, kisha hurudiwa katika mwezi wa 18. Kati ya miezi hiyo miwili mtoto huanza kutembea, mama hurejea shambani au sokoni, na wengi hudhani kliniki imekwisha. Kumbe kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takriban 15 hawapati kinga kwa dozi hiyo ya kwanza. Dozi ya pili ndiyo inayowafikia hao. Surua huambukiza upesi mno, hata jamii huhitaji angalau watoto 95 kati ya 100 wawe wamepata dozi zote mbili ili iizuie isienee.

Mzazi aliyechelewa asione haya kurudi. Dozi iliyocheleweshwa haimlazimu mtoto kuanza upya; huendelezwa pale ilipoishia. Kadi ikipotea, aende hivyo hivyo, rejesta ya kituo itafutwe. Naye mhudumu aikague kadi ya kila mtoto anayeingia mlangoni, hata aliyeletwa kwa matibabu au aliyemsindikiza mdogo wake. Kabla ya kuondoka, mzazi aulize: “Mwanangu amebakiza chanjo ipi, na anaweza kuipata leo?”