Dohani yako inavuja saa ngapi?

Msomaji mmoja wa Lushoto ameniandikia. Anaishi katika nyumba ya zamani, ya aina ile waliyoijenga Wajerumani na waliowafuata kule Usambara kwa sababu ya baridi: kuta za matofali ya kuchoma, meko ya kuotea moto sebuleni, na dohani iliyotoboa bati ikasimama juu ya paa kama askari wa zamu. Kila masika ukuta wa kando ya meko unalowa, rangi inavimba, lipu inabanduka. Fundi ameshapanda juu mara tatu na karai la saruji, akapaka pale bati linapokutana na matofali, na mara zote tatu maji yamerudi. "Lakini kinachonitisha," anasema, "mvua ikinyesha hapavuji. Panavuja kesho yake, jua linawaka. Sasa haya ni maji au ni majini?"

Ni maji. Na ni hayo maneno mawili, "kesho yake", yaliyonifanya niziweke kando barua nyingine zote za wiki hii.

Sitaeleza dohani ni nini wala moshi unapandaje. Wa pwani msiowahi kuota moto ndani ya nyumba, waulizeni ndugu zenu wa Njombe na Limuru. Milango ya maji nayo ni mingi, na mingi yake hainipi raha kuieleza. Tundu la juu lisilo na kofia linapokea mvua moja kwa moja, utayakuta majivu yamelowa mekoni. Weka kofia ya bati yenye wavu, ndege wakatafute pengine. Ile sahani ya zege iliyofunika kichwa cha dohani ikipasuka, izibwe au imwagwe upya. Nyuma ya dohani, upande ambao paa linateremkia, maji hugonga ukuta na kutuama pamoja na majani. Hapo huinuliwa kigongo kidogo cha bati cha kuyagawa kulia na kushoto, na kanuni za ujenzi za Marekani hukidai kwa dohani yenye upana wa zaidi ya sm 76 hivi. Basi. Tuje kwenye tofali.

Juzi nilichukua tofali la kuchoma, nikalisimamisha kwenye sinia lenye maji ya kina cha kidole yaliyotiwa wino wa buluu, nikaweka saa pembeni. Sentimita ya kwanza ililowa kabla sijapata penseli ya kuweka alama. Ya pili nilikuwa namenya vitunguu. Kufika ya nne vitunguu vilikuwa vimeshaiva, na ule mstari wa buluu ulikuwa unapanda kwa uvivu wa mtu aliyeshiba. Hakuna aliyeyasukuma yale maji. Yalipanda yenyewe, kinyume cha uzito wao, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, au kama kanga uliyoisahau ukingoni mwa ndoo inavyoimaliza ndoo usiku kucha na kulowesha sakafu.

Shuleni walituambia hiyo ni kapilari, tukaandika kwenye daftari, tukafaulu mtihani, tukasahau. Neno hilo limetoka kwenye capillus ya Kilatini, yaani unywele, kwa kuwa wataalamu wa zamani waliliona jambo hili kwenye vijibomba vya kioo vyembamba kama nywele. Sasa sikilizeni Kiswahili. Tunazo nywele. Tunacho kinyweleo, kile kitundu cha ngozi. Na tunacho kitenzi kunywea, kufyonza kwa ndani, kama ardhi inavyonywea mvua ya kwanza. Nywele na kunywa, katika pumzi moja! Kwa nini tuendelee kukopa? Mimi nasema unyweleo. Mhariri wangu anaona litachanganywa na vinyweleo vya kwapa. Mwenzangu mmoja anataka mnyweo, lakini mnyweo unanukia kilabu cha pombe. Wenye kamusi watanirekebisha wakipenda. Kwa leo ni unyweleo, na nitalitumia mpaka mlizoee.

Unyweleo una kanuni nyepesi inayoitwa kwa jina la James Jurin, tabibu Mwingereza wa karne ya 18: tundu likiwa jembamba mara 10, maji hupanda juu mara 10. Bomba lenye kipenyo cha mm 1 huyapandisha maji kiasi cha sm 3. Lenye mm 0.1, karibu na unene wa unywele, sm 30. Lenye mm 0.01, mita 3. Soma tena hapo. Kadiri ufa unavyokuwa mdogo, ndivyo unavyofyonza kwa nguvu zaidi. Ufa wa kutisha unaopitisha kidole haufyonzi kitu. Macho yetu yamezoea kuogopa tundu kubwa, na fundi huziba anachokiona. Tofali kwa ndani ni vitundu vitupu, maelfu kwa maelfu, vyembamba kuliko unywele wowote wa kichwani mwako.

Hiyo ni nguvu. Kuna na mwendo, na mwendo ndio unaomhusu msomaji wetu. Mwaka 1921 Mmarekani Edward Washburn alionyesha kwamba umbali ambao maji hujipenyeza hivi hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Kwa lugha ya jikoni: ukitaka yafike mara 2 mbali, ngoja mara 4. Mara 3 mbali, ngoja mara 9. Ndiyo maana vitunguu vyangu viliiva kabla ya sentimita ya nne.

Mwaka 1999 Tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, ile inayotolewa kwa utafiti unaokuchekesha kwanza kisha ukakufikirisha, iligawanywa. Sehemu moja alipewa Len Fisher kwa kupiga hesabu ya namna bora ya kuchovya biskuti kwenye chai. Sehemu ya pili walipewa Jean-Marc Vanden-Broeck na Joseph Keller kwa hesabu ya mdomo wa birika usiochuruzika. Nimeutazama mgawo huo kwa miaka na leo naweza kusema: dohani nzima imo juu ya meza ile ya chai.

Anza na biskuti, ila sisi tutumie andazi, tena la jana, lililokauka. Lichovye kwa ubavu, upande mmoja tu ukiguse chai. Kwa muda sehemu ya juu inabaki kavu na ndiyo inayolibeba andazi zima. Fisher alipendekeza hivyo hivyo kwa biskuti. Ukuta wa dohani ni andazi hilo. Mvua inalowesha uso wa nje tangu asubuhi, wewe ndani unaona rangi kavu, unajisifu. Mstari wa maji unatembea. Kisha mvua inakatika, na hapa ndipo watu wanapopotea, kwa kudhani mvua ikikatika safari imekatika. Litoe andazi kwenye kikombe ulishike hewani: mstari wa chai unaendelea kupanda! Chai iliyokwisha kuingia inaendelea kugawana nafasi na vitundu vilivyo mbele yake. Na jua likipiga matofali yaliyolowa, joto husukuma mvuke kwenda ndani, hivyo doa linatokea sebuleni mchana mweupe watu wakianika nguo. Sukari iliyoyeyuka kwenye chai nayo isisahaulike: maji yakikauka ukutani huacha chumvi za tofali na saruji, ule unga mweupe unaofanana na ukungu wa mkate. Ukiuona, usiulize tena kama maji yamepita.

Kwa hiyo kabla hujauliza dohani inavuja wapi, uliza inavuja saa ngapi. Maji yenye njia ya wazi huja papo hapo. Mvua ya upepo ikianza na tone likaanguka kabla hujafunga madirisha, shuku maungio ya bati: upepo wa kilomita 72 kwa saa una msukumo wa kuyainua maji sm 2.4, ndiyo maana bati la kando ya dohani hupandishwa ukutani, kwa upande wa mbele hadi sm 15, na ukingo wake ukaingizwa ndani ya jointi ya matofali. Doa likitokea siku isiyo na mvua kabisa, baada ya kuwasha moto, tena la rangi ya kahawia na harufu ya masizi, hayo ni maji ya moto wenyewe. Kilo 1 ya gesi ya kupikia ikiungua huzaa takribani kilo 1.6 za maji, kwa kuwa oksijeni ya hewani inaongeza uzito. Kuni mbichi nazo hubeba maji yao. Mvuke ukikuta dohani ya baridi unageuka matone. Na doa linalokuja kesho yake ni tofali. Tuseme ukuta wa nusu tofali unapitika kwa saa 6. Wa tofali zima, wenye unene maradufu, utadai saa 24. Matofali hayafanani, lakini mpangilio ndio huo.

Sasa tumwone yule fundi wa saruji. Bati la mita 3 likitoka kwenye baridi ya alfajiri ya nyuzi 10 likafika 60 chini ya jua, hurefuka karibu mm 2. Saruji hainyumbuki. Inapasuka pale pale inapolishika bati, kwa ufa mwembamba kama nini? Kama unywele. Kila alipopanda na karai, alituachia unyweleo mpya.

Nusu ya pili ya tuzo ni birika. Kila mpika chai anajua: ukimimina polepole, chai haiachi mdomo, inageuka na kuteremka tumboni mwa birika mpaka kwenye kitambaa. Keller aliandika mwaka 1957 kwamba ni kazi ya shinikizo la hewa. Waliomfuata wakaongeza habari za unato, tusiwaingilie. Mvua kwenye sahani ya zege hufanya vivyo hivyo: inafika ukingoni, inageuka chini, inafuata zege hadi kwenye matofali na kuyanywesha mchana kutwa. Dawa yake ni nzuri mno kwa urahisi wake. Sahani itokeze nje ya ukuta kama sm 5, na chini ya ukingo uchorwe mfuo wenye upana wa sm 1 kuzunguka pande zote. Maji yakifika kwenye mfuo hayawezi kupanda kuuvuka, yanajikusanya na kudondoka. Tazama chini ya vizingiti vya madirisha ya nyumba za zamani, utaukuta. Kwenye vya siku hizi nautafuta bila mafanikio.

Kuta zenyewe je? Usipake rangi ya mafuta. Hilo ni kupaka siagi andazi lililokwisha kulowa, umeifungia chai ndani. Jointi zilizolika zikwanguliwe hadi sm 2.5 na kujazwa mota laini kuliko tofali, yenye chokaa, ili unyevu utokee humo. Ukuta ukikauka barabara, kuna dawa za jamii ya siloksani zinazoingia kwenye vitundu bila kuviziba na kuvifanya viyakatae maji, kama jani la gimbi linavyoyaviringisha matone. Kanuni ya Jurin inabaki ile ile, ila alama inageuka: tundu lililokuwa linavuta sasa linasukuma. Huifaa dohani yenye maungio mazima, na hurudiwa baada ya miaka kadhaa. Kupima kwa mpira wa maji, anza chini upande juu, mwenzako akiwa ndani na tochi. Na dohani inayotumika usiizibe kamwe, moshi una sumu.

Nilimwomba msomaji wa Lushoto asimpandishe mtu juu kwanza. Atundike kalenda kando ya meko, aandike saa ya mvua na saa ya doa. Jibu limefika jana: mvua Jumamosi saa 10 alasiri, doa Jumapili saa 5 asubuhi, ubavuni, usawa wa bega.

Saa 19. Fundi wake ameshatumwa kutafuta chokaa.