Ngũgĩ Yule Mwingine

Kila ninapofundisha tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, huwauliza wanafunzi wangu swali jepesi: ni nani aliyeiandika? Jibu huja haraka, nalo huwa nusu. Wote humtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025 na kuombolezwa ulimwengu mzima. Ni nadra kumpata anayekumbuka kwamba jalada la kitabu hicho lina akina Ngũgĩ wawili. Huyu wa pili, Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ndiye ninayetaka tumzungumze leo, maadam maisha yake yanatuhusu sisi walimu kuliko tunavyodhani, hata sisi wa Mombasa ambao hatukunyonya Kigĩkũyũ kwa mama zetu.

Ngũgĩ wa Mĩriĩ hakuingia katika sanaa kwa mlango wa fasihi. Yeye alikuwa mtu wa elimu ya watu wazima, na pale Kamiriithu, Limuru, alishughulika na kile tulichokuwa tukikiita kisomo cha ngumbaru. Wanafunzi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya majani-chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na wengine wasio na kazi yoyote. Tamthilia ile ilichipuka katika madarasa hayo. Wanakijiji walisomewa mswada, wakaukosoa: mzee huyu akasema hivyo sivyo binti anavyomjibu baba yake, mama yule akasema wimbo ule wa harusi umekatwa vibaya. Wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketisha watu wapatao 2,000. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977 chini ya uongozi wa Kimani Gecau, na kabla ya Novemba kwisha serikali ilikuwa imeupiga marufuku. Yaliyompata Ngũgĩ wa Thiong'o mwisho wa mwaka huo yanajulikana: alitiwa kizuizini hadi Desemba 1978. Machi 1982, baada ya mchezo wa pili kunyimwa kibali, polisi walifika Kamiriithu wakaubomoa ukumbi ule.

Hapo ndipo mapokezi ya kawaida ya kisa hiki yanapokoma, na hapo ndipo mimi ninapopenda kuanzia. Mwaka huo wa 1982 Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecau walikimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu ya uhuru. Ngũgĩ wa Mĩriĩ akapata kazi katika ZIMFEP, taasisi iliyoundwa kuendesha shule za watoto waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Msumbiji na Zambia. Hebu msomaji alitazame jambo hili vizuri. Mkimbizi kutoka Kenya anawafundisha maigizo watoto ambao jana walikuwa wakimbizi wa nchi nyingine! Katika shule hizo, Chindunduma ikiwa mojawapo, wanafunzi waliigiza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kishona. Mwaka 1983 alishiriki kuandaa warsha ya Kiafrika ya maigizo ya maendeleo huko Murewa, na mwaka 1986 akaongoza kuundwa kwa chama cha maigizo ya kijamii cha Zimbabwe, ZACT, kilichoviunganisha vikundi vya mitaa ya wafanyakazi na vya vijijini.

Kama mwanaisimu, swali langu ni hili: mtu aliyefika ugenini bila Kishona wala Kindebele aliwezaje kutengeneza maigizo ya jamii? Jibu langu, na wanaotaka kulipinga walipinge, ni kwamba kukosa lugha kulimfaa. Kwao Limuru angeweza wakati wowote kumnyang'anya mwanakijiji sentensi yake na kumwekea iliyo nzuri zaidi. Zimbabwe hakuwa na uwezo huo. Alilazimika kuuliza na kungoja, na kuwaachia wenye lugha waseme. Kile ambacho wengi wetu hukifanya kwa nidhamu ya itikadi, yeye alikifanya kwa dharura.

Sitaki kumpamba. Maigizo ambayo Kenya yalikuwa yakigombana na dola, Zimbabwe yalianza chini ya mbawa za dola, na mgeni aliyehifadhiwa hana uhuru wa kumkaripia mwenyeji wake. Fauka ya hayo, mtu anayewawezesha wengine kusema huacha maandishi machache yenye jina lake, na ndiyo maana katika mitihani yetu jina lake limemezwa na la mwenzake. Alichukua uraia wa Zimbabwe, na huko Harare ndiko alikofia kwa ajali ya barabarani Mei 2008.

Sasa nirudi Mvita. Sisi nasi tuna mwandishi wetu wa tamthilia aliyelipa kwa uhuru wake. Alamin Mazrui, mzaliwa wa mji huu na mwanaisimu kama mimi, alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981. Humo Lanina, mwanamke, anawaongoza wafanyakazi wa shamba la Delamon kudai haki zao. Mwaka uliofuata mwandishi alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, na baadaye akawa msomi wa ugenini. Mchezo huo tunaujua kama kitabu cha maswali na majibu. Ni wakazi wangapi wa Kibokoni au Kuze waliowahi kuuona ukichezwa mbele ya baraza zao?

Na kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Katika tamasha la maigizo la shule, nyanya wa Mji wa Kale huletwa jukwaani akizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Mtaa wenyewe unapitiwa na Ndia Kuu, jina linalopiga kelele kwa Kimvita, lakini jukwaani bibi huyo hasemi ndia wala mato wala ndoo. Husema njia, macho na njoo. Mwalimu mmoja wa hapa aliniambia waziwazi kwamba anaogopa kupoteza alama. Hofu yake naielewa, ila inatugharimu: mtoto anajifunza kwamba lugha ya nyumbani kwao haifai kusemwa mbele ya watu.

Dunia iliwajua watu wa mashua wa Vietnam baada ya 1975. Sisi tulikuwa na wetu. Mwaka 1991, Somalia iliposambaratika, watu wa Barawa walifika Mombasa kwa vyombo, wakiwa na Chimbalazi chao, ambacho ni ndugu wa Kiswahili chetu. Waliwekwa katika kambi zilizofungwa kabla ya muongo ule kwisha. Wengine wakaenda Marekani, wengine wakabaki. Sisi wanaisimu tuliyaendea maneno yao kwa hamu. Yamkini tungewaendea pia na jukwaa, tukawaomba watuonyeshe safari ile kwa lugha yao na mbele ya majirani zao wapya.

Mwalimu yule niliyemtaja nilimpa pendekezo dogo: kabla mswada wa shule yake haujamfikia mwamuzi wa tamasha, usomwe kwanza mbele ya mabibi watatu wa Kuze, nao wapewe ruhusa ya kukata na kuongeza. Alicheka, kisha akakubali kujaribu, mradi mazoezi yawe baada ya Alasiri, kwa kuwa asubuhi mabibi hao huwa jikoni.