Nshamba Si Kicheko Tu

Mwaka wa pili, kipindi cha saikolojia ya elimu, mhadhiri alitamka "Kashasha" nami nikainua kichwa kutoka kwenye simu. Alikuwa anaeleza jinsi msongo wa mawazo unavyoweza kusambaa kwenye kundi kama mafua, na mfano wake ulikuwa wa kwetu: mwaka 1962 wasichana wa shule moja ya bweni walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jamaa wa nyuma yangu akanigonga bega. "Nshomile, kumbe kwenu hata kucheka mnakutolea cheti!"

Nilicheka na mimi, maana utani wa nshomile sisi Wahaya tumeuzoea. Ila usiku ule, hosteli, nilitafuta jina la Nshamba mtandaoni. Kurasa nyingi zilikuwa na habari ileile moja, kicheko. Ndugu msomaji, mimi nimekulia Nshamba. Naomba dakika zako chache nikueleze huo mji, maana sisi tunaosomea ualimu tuna mengi ya kujifunza pale zaidi ya hicho kichekesho.

Mji wenyewe

Nshamba ni mji mdogo wa vilimani, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Ukifika Muleba mjini unaliacha Ziwa Victoria nyuma yako, unapanda. Asubuhi nyingi ukungu unakuwa bado umelala kwenye migomba. Kuna soko, maduka, bodaboda zinazosubiri abiria, makanisa, shule, na watu wanaojuana mpaka majina ya babu.

Sehemu kubwa ya Muleba ilikuwa chini ya ufalme wa Ihangiro kabla ya ukoloni. Kila familia maisha yake yako kwenye kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, migomba na mibuni ikiwa pamoja, maharage chini yake. Nje ya vibanja kuna rweya, mbuga ya majani ambako watu hukata nyasi na kuchunga. Kahawa kwetu haikuletwa na mzungu. Wahaya walikuwa wakizichemsha buni, kuzikausha na kuzitafuna zamani sana, na mpaka leo mgeni anaweza kukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa shida yake. Baadaye kahawa ikawa zao la biashara, na hela yake ndiyo iliyolipa karo za shule. Hapo ndipo mlipopatia hao manshomile wenu.

Kibanja pia ndiko tunakozikana. Makaburi ya ukoo yako hapohapo kati ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Kwa hiyo mtoto wa kwetu hakui akidhani kifo kipo mbali. Na msiba ukitokea, kuna chama cha kuzikana, wengine hukiita bujuni, maana yake msaada. Wanachama wanaleta michango, ndizi, kuni na maji, na wanalala matanga. Asiyefika kwenye misiba ya wenzake anajua siku yake itakuwaje.

Yaliyotokea 1962

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku 52 baadaye, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya kati ya misheni pale Kashasha walianza kucheka. Kati ya wanafunzi 159, 95 walipatwa. Mmoja angecheka dakika chache, mwingine saa kadhaa, akatulia, kikamrudia. Wengine walilia, walikimbia huku na huko, walikuwa wakali ukiwashika. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, watoto wakarudishwa makwao.

Baadhi yao makwao palikuwa Nshamba. Mwezi Aprili na Mei watu 217 wa Nshamba wakapatwa, wengi wao watoto wa shule na vijana. Kashasha ilifunguliwa tarehe 21 Mei, wakapatwa wengine, ikafungwa tena mwisho wa Juni.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika taarifa yake mwaka 1963. Walipima damu, wakachunguza chakula, wakatafuta vijidudu na sumu. Hawakuona kitu. Hakuna aliyekufa. Waliandika pia jambo ambalo watu wanalipita haraka: wasomi na watu wenye hadhi hawakupatwa. Walioshikwa ni wale ambao hakuna aliyekuwa akiwauliza maoni yao. Mwaka 2007 mtafiti Christian Hempelmann aliipitia upya habari hii akaeleza kwamba kicheko kile hakikuwa cha furaha wala cha kitu cha kuchekesha. Kilikuwa dalili moja tu kati ya dalili za dhiki iliyosambaa kwenye kundi.

Bibi yangu alikuwa na miaka kama kumi na miwili wakati ule. Niliporudi likizo nilimwuliza. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho.

"Waitu, nani kakwambia tulikuwa tunacheka? Ile ilikuwa endwara y'okusheka. Ugonjwa. Dada wa jirani yetu alirudi kutoka shule, anacheka machozi yanamtoka. Mama yake akampiga ili anyamaze. Akazidi."

"Mlimwuliza ana nini?"

"Mtoto wa kike aulizwe ana nini? Miaka ile?"

Sikuwa na swali jingine. Unamtoa msichana kwenye kibanja chao, unampeleka bwenini chini ya kengele na kanuni ngeni, nchi nayo imebadilika wiki saba zilizopita na kila mtu mzima anamtegemea afaulu. Analemewa, na pa kusemea hana. Mwili ukasema kwa niaba yake. Watu wazima waliokuwa karibu naye wakajibu kwa kipimo cha damu, kufuli la shule na fimbo.

Miaka ya Juliana

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Kabla ugonjwa haujapewa jina la kitaalamu, watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa na wafanyabiashara wa magendo wa mpakani, maana hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta maambukizi ya asilimia 24.2 kwa watu wazima wa Bukoba mjini, na asilimia 10 kwa Bukoba vijijini na Muleba.

Asilimia ni rahisi kuandika kwenye mtihani. Kwenye mji wetu ilimaanisha makaburi mapya kwenye vibanja, na bibi mmoja na wajukuu watano. Watu wa umri wa kulima na kulipa karo ndio walioondoka. Mama yangu aliondoka mwaka 2007, mimi nikiwa na miaka minne. Nililelewa na Bibi pamoja na binamu zangu watatu.

Na hapa ndipo mji wangu unapostahili kusomwa. Safari hii watoto waliolemewa walikuwa wengi kuliko wa 1962, lakini jibu lilikuwa tofauti. Miaka ya 1990 lilianzishwa Nshamba shirika la Humuliza, kwa msaada wa terre des hommes ya Uswisi. Humuliza kwa Kihaya ni kufariji. Lilianza na swali ambalo bibi yangu alisema halikuulizwa: mtoto aliyefiwa ana nini moyoni? Walimu na walezi walifundishwa kuona dalili. Mtoto anayesinzia darasani, anayepigana ovyo, anayecheka pasipochekesha, asihesabiwe mtukutu kabla hajasikilizwa.

Mwaka 2000 watoto wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, maarufu kama VSI. Yatima wa miaka kumi na kitu walichaguana viongozi, wakaweka akiba, wakasaidiana kulima na kufarijiana, wakasaidia wazee wasio na nguvu. Uzoefu huo haukuishia vilimani. Ulikuwa miongoni mwa machimbuko ya REPSSI, taasisi iliyoanza mwaka 2002 inayoshughulikia faraja na malezi ya watoto katika nchi nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika.

Halafu mwaka 2003 ukaanza mradi wa kwaWazee, uliowapa wazee pensheni ndogo kila mwezi, na nyongeza kwa anayelea wajukuu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Sisi tuliokuwepo hatuhitaji kusoma ndani. Bibi yangu hakuwa kwenye orodha, alikuwa hajafikisha umri. Aliyekuwemo ni bibi wa jirani, na siku akipokea, chumvi ilivuka ua ikaja kwetu, na jioni kulikuwa na dagaa. Wanafunzi wenzangu, bumu likichelewa wiki mbili hapa chuoni mnajua tunavyokuwa. Hebu fikiria umri wa miaka sabini, bila bumu lolote, na watoto watano wanaotaka daftari. Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi. Kule kwetu lilikuwa limeshajaribiwa muda mrefu.

Kilichonipata fildi

Nieleze kwa nini naandika haya. Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha, mkoa mwingine. Kidato cha pili kulikuwa na msichana aliyekuwa akicheka kila nikimwuliza swali. Si kicheko kikubwa, kile cha kufunika mdomo kwa daftari. Darasa likawa linacheka naye, kipindi kinaharibika, na siku hiyo mkaguzi wa chuo alikuwa anakuja. Nikamtoa nje. "Kachekee huko mpaka uchoke." Alitoka akiwa bado anacheka.

Baada ya kipindi rafiki yake alinifuata. "Ticha, yule hafanyi makusudi. Bibi yake anaumwa, yeye ndiye anamwogesha, halali."

Mimi, mtoto wa Nshamba, niliyelelewa na bibi, nimefanya yaleyale ya 1962. Nilimtafuta msichana nikamwomba radhi. Sikuwa na hela ya kumpa wala dawa ya bibi yake. Nilimwuliza tu siku zake zinakwendaje, akaongea karibu nusu saa, nikaenda naye kwa mwalimu wa malezi. Kicheko hakikuisha siku ile. Kilipungua polepole, na mpaka naondoka alikuwa anajibu swali moja moja.

Shule zetu bado zina wasichana wanaoanguka na kupiga kelele, tunasema wana mapepo, tunafunga bweni, tunaita wa kuombea. Kuomba si vibaya. Lakini mwenzangu unayekwenda fildi muhula ujao, kabla hujaita mtu au kumtoa mtoto nje, mwulize ana nini, mkiwa wawili, wenzake wasiposikia, kisha mpe muda wa kujibu.

Nilimpigia Bibi simu nikamweleza habari ya msichana yule. Alikaa kimya kidogo.

"Na bibi yake anaendeleaje?"

Nilikuwa sijauliza. Nimemwandikia mwalimu wa malezi wa shule ile, nasubiri jibu.