Korongo Kumi na Watano wa Bonde la Lambwe



Familia zetu za Pwani zikitaka kuona wanyama huelekea Tsavo au Shimba. Wachache wetu wamefika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika kaunti ya Homa Bay. Ina kilomita za mraba 120, nayo imelala katika Bonde la Lambwe, chini ya milima ya Gwasi. Aendaye huko aweza pia kuzuru chemchemi za maji ya moto za Mlima Homa, kando ya ziwa, au kushuka Migori akatazame maporomoko ya Gogo, ambako maji ya Mto Kuja huzalisha umeme.

Sisi tulikwenda kumtafuta korongo. Huyu si ndege, bali ni swala mkubwa, mwenye uso mweusi kwa mweupe na pembe zilizopinda nyuma. Katika Kenya nzima amebaki Ruma peke yake. Sensa ya wanyama ya mwaka 2021 ilihesabu 15 tu.

Zamani bonde hili liliogopwa kwa mbung'o, waambukizao watu malale na kuua ng'ombe. Watu walijitenga nalo, wanyama wakastarehe. Mdudu aliyechukiwa akawa ndiye bawabu wao. Serikali ililitenga mwaka 1966, ikalifanya hifadhi ya taifa mwaka 1983. Mbung'o walipopungua, mashamba yalisogea karibu, na mitego ya waya ikafuata.

Tulizunguka tangu alfajiri hata karibu na adhuhuri. Twiga tuliwaona, nyati tuliwaona, korongo hatukumwona. Binti mdogo aliyekuwa nasi akauliza: "Maalim, na hawa wakiisha, tutapata wapi wengine?"

Tulinyamaza kwanza. Kisha tukamwambia kweli: huenda wakaletwa wa nchi nyingine, lakini hawa wa kwetu hawatarudi.

Amana haipimwi kwa wingi wake. Mwenye kuwekewa kumi na tano huulizwa juu ya kumi na tano. Basi, enyi akina mama na akina baba, likizo ijayo wapelekeni watoto Ruma, na kabla ya safari wafundisheni hesabu hii. Wakirudi bila kumwona korongo, wasiseme safari imepotea. Waulize kila mwaka: wamebaki wangapi?